Walimu wa chekechea, doa la mawese sio uchafu

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, nauza mawese, yani mafuta ya michikichi, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na kila nikimwambia mtu ananijibu hicho kitu kidogo mama achana nacho. Sio kidogo.

Mwanangu wa kwanza ana miaka minne na nusu, anasoma chekechea moja hapa hapa mjini, jina sitaki kulitaja. Mwezi uliopita alianza kutembea mkono kifuani. Yani anaamka vizuri, anakunywa uji, nikishamvalisha sare tu anaweka kiganja hapa kifuani usawa wa kifungo cha pili na hautoi, anapakiwa kwenye bodaboda mkono uko pale pale, jioni nikimfata namkuta kauweka vile vile begi analiburuza chini kwa ule mkono mwingine. Nikimuuliza unaumwa anasema hapana. Nikimtoa mkono anaurudisha. Na ujue huku kwetu mvua zikianza Oktoba au Novemba ndio mpaka Mei, ilikuwa mvua kila siku na baridi ya usiku, jirani yangu mmoja akaniambia mama usicheze huyo ni kifua, wa kwake ilianza hivo hivo ikawa nimonia. Sikulala. Alhamisi sikufungua meza nikambeba mgongoni na ukubwa wake ule mpaka zahanati.

Nesi alimpokea vizuri sana nashukuru, akampima joto, akamvua shati akahesabu pumzi zake dakika nzima anaangalia saa, akamsikiliza mgongoni, akasema mama kifua cha mtoto ni kisafi kabisa. Sasa wakati namvalisha tena shati na mkono ukarudi pale pale. Nesi akachuchumaa akamuuliza, "Baba, hapo panauma?" Akasema hapaumi. "Sasa mbona umeshika?" Akajibu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa kama anajibu jina lake nani, "Naziba doa, nisiwapake wenzangu."

Mhariri mimi pale nilikaa chini.

Doa lenyewe ni la mawese, ukubwa wake halifiki sarafu ya mia mbili, lina rangi ya chungwa hivi iliyopauka. Na hakujitungia, aliambiwa. Nilikuja kumuuliza polepole usiku tukiwa tumelala akanieleza, na siku ya pili dada mmoja pale pale chekechea ambaye anapika uji akanithibitishia manake alikuwepo. Jumatatu moja asubuhi walimu walisimama getini kukagua sare na kucha kama kawaida yao, wakamtoa mwanangu kwenye mstari wakamsimamisha pembeni na wenzake wawili, ticha akasema hawa ndio ambao mama zao hawafui, alafu akamwambia wewe kaa nyuma kule usiwapake wenzako. Mtoto wa miaka minne ukimwambia usiwapake wenzako anaamini. Yeye anajua lile doa linahama, kwamba akimgusa mtu linaenda kwa yule mtu. Kwaiyo akaamua kuliziba.

Mimi siku hiyo ya Jumatatu nilikuwa nimeshaondoka getini sikuona, nilichoona ni jioni, nilipewa shati kwenye kifuko pamoja na karatasi imeandikwa MZAZI ZINGATIA USAFI WA MTOTO, na mtoto kavalishwa fulana kubwa ya kuazima inafika magotini. Ticha aliniambia mbele ya wazazi wengine watatu wanne, "Mama, hivi nyumbani sabuni hamna?" Nikasema ipo mwalimu. Nikaondoka. Sikujibu kitu kingine na mpaka leo najilaumu kwanini sikujibu, nilijisikia kama nimevuliwa nguo mimi, nilipita njia ya nyuma nisionane na watu na shati nikalificha chini ya kapu. Usiku nikalifua tena mara ya tatu huku nalia. Na shati lilikuwa limefuliwa! Ijumaa limefuliwa, Jumapili limefuliwa, kola nyeupe, kwapa safi.

Naomba nieleze hapa manake naona watu wengi hata wanaokula mawese kila siku hawajui yanavyofanya kwenye nguo. Tone la mawese likidondokea kitambaa lina vitu viwili, lina mafuta na lina rangi. Mafuta unayatoa, unapaka sabuni ya kipande kabla hujaweka maji, unasugua kidogo kidogo, unaacha, alafu ndio maji ya moto, mafuta yanatoka yote ukishika kitambaa hakitelezi hata harufu hamna. Rangi inabaki. Ile rangi haitolewi na sabuni, inatolewa na jua. Anika shati jua kali siku mbili tatu doa linapauka lenyewe linapotea, bibi zetu wanajua, mimi mama mkwe wangu Simbo ndio alinifundisha. Sasa mwezi wenye mvua asubuhi mpaka jioni jua unalitoa wapi? Nguo zinakaukia ndani kwenye kamba juu ya jiko. Na ukikosea ukapiga pasi kabla rangi haijatoka ndio unaligandisha. Wanaosema weka jiki, niliweka mwaka jana kwenye shati lingine, nembo ya shule ikafutika na kitambaa kikalika kikatoboka, nikanunua jingine elfu kumi na nane. Ana mashati mawili tu. Kwaiyo mtoto anaweza kuwa msafi kabisa wa kuoga na kufuliwa na akawa na doa, na mtoto mwingine shati halina doa ila halijafuliwa siku nne, na pale getini atakayetolewa kwenye mstari ni wangu.

Doa lilitokea hivi. Ijumaa alirudi shule akanikuta mezani napima mafuta, nilikuwa namimina kutoka dumu la lita ishirini kuingiza kwenye chupa za lita moja moja na mteja kasimama ana haraka, mtoto akaniambia mama nikushikie faneli. Akanishikia. Alishika vizuri kwa mikono miwili kaning'inia pale mpaka chupa sita zikajaa na tone moja likamdondokea kifuani alipoinama kuangalia kama imejaa. Ningemwambia ukavue kwanza sare, ndio, nakubali, ila nani ana mtoto mdogo asiyejua hizi dakika. Nilifurahi kasaidia.

Na hii kazi ya mawese sikuianza kwa kupenda. Baba yao ni mvuvi, yuko huko kusini mwa ziwa, na 2024 serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, sisi nyumbani ndio tulijua maana ya kukaa bila mboga wala hela. Sipingi kufungwa. Nasema tu ndio wakati nilichukua dumu la kwanza la mkopo kwa mama mkwe nikaweka meza, na kutoka siku ile ada ya huyu mtoto, elfu thelathini na tano kila mwezi, inatoka kwenye hayo hayo mafuta yaliyomdondokea. Sijawahi kuchelewa mwezi hata mmoja na risiti ninazo.

Kitu kinachoniuma zaidi Mhariri ni kwamba yule ticha ni mteja wangu. Sio mara moja. Anakuja mezani ananunua lita, anachagua kabisa, anataka yale yaliyoganda kidogo chini, na sisi tunataniana. Ni mtu wa hapa hapa, kakulia Ujiji, nina uhakika mama yake alimfulia hizi doa na yeye akaenda nazo shule. Angekuwa mgeni amehamishiwa huku kutoka sijui wapi ningesema hajui. Anajua. Ndio maana nashindwa kuelewa kinatokea nini mtu akishavaa koti la ualimu, chakula cha kwao kinageuka kuwa uchafu kwenye kifua cha mtoto wa mwenzake.

Alafu mkoa mzima tunaambiwa mawese ndio utajiri wetu. Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu, mwaka 2018, alikuja huku akaanza kuisukuma michikichi, ikawa kila mkutano ni michikichi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu ya tenera ambayo inatoa mafuta mengi kuliko ile ya zamani ya mashambani kwetu, na watu wamepanda, mama mkwe mwenyewe kapanda. Redioni kila siku fursa fursa. Sawa, basi watoto wetu watakuwa na madoa ya mawese manake ndio tunayokula, ndio tunayokamua, ndio tunayouza. Yule nesi alimwambia mwanangu kitu nilitamani ticha angekuwepo kusikia. Alimwambia baba hii rangi nyekundu hapa ndio mwili unaitumia kutengeneza vitamini A, ile ile ambayo mimi huwa nakudondoshea mdomoni kwenye matone kila miezi sita unakumbuka? Mtoto akaangalia lile doa akaniangalia mimi. Alitoa mkono, mpaka tulipofika barabarani.

Sipingi ukaguzi. Naomba hili lieleweke vizuri manake najua watu watasema huyu mama anatetea uchafu. Sisi watu wa Kigoma usafi hatuhitaji kushawishiwa, mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kule Kagunga kipindupindu kikaingia tuliona watu wanavyokwisha kwa siku moja, kutoka hapo mimi kunawa mikono nyumbani kwangu ni sheria. Kagueni kucha, kagueni masikio, chawa, funza, mtoto anayenuka mkojo mwite mama yake umuulize kwa upole manake huenda nyumbani kuna tatizo kubwa kuliko mkojo. Na najua hali za hao walimu, wanalea watoto arobaini chumba kimoja wako wawili, mshahara wenyewe sitaki hata kuuliza, na mwenye kituo anawabana kwamba kituo kionekane kisafi wazazi wenye magari wasihame. Yote hayo nayajua. Ila hakuna hata moja linalomlazimisha mtu kumsimamisha mtoto pembeni.

Nilirudi kuongea nao. Ijumaa baada ya zahanati nilivaa vizuri, nikasubiri watoto wote wameondoka ili nisifanye kama walivyonifanya wao, nikamsalimia mama ambaye ndio mkubwa wao pale shikamoo, nikaomba tukae. Nikaeleza kuhusu mkono kifuani. Ticha alinyamaza, niliona kabisa kashtuka, alafu yule mkubwa akajibu kwa niaba yake, "Mama tunakuelewa, lakini sisi tunaangalia muonekano wa kituo, wazazi wengine wanalalamika." Nikamuuliza wanalalamika nini, doa kavu linawafikiaje watoto wao? Akasema mama usiwe mkali, wewe mnunulie mtoto shati la akiba. Yani mazungumzo ya mtoto anayeogopa kumgusa mwenzake yakaishia kwenye shati la akiba. Sikugomba. Ila nilivyokuwa natoka ticha alinifata mpaka getini akasema dada nisamehe sikujua kama atalichukulia hivo, na mimi nilimpokea ule msamaha, nampenda kwa hilo, ila nikamwambia mimi umeniomba, mwanangu bado hujamwambia kitu. Mpaka naandika hii barua hajamwambia.

Na sio mimi peke yangu. Nilipoanza kuongea mezani wamama wakaanza kufunguka mmoja mmoja, nilishangaa, kumbe kila mtu ana kifuko chake alichopewa akakificha. Kuna mmoja anaanika dagaa Kibirizi, mwanae aliambiwa ananuka dagaa, akawa anaamka saa kumi alfajiri kumuogesha mtoto mara mbili kwenye hii baridi. Mwingine mtoto wake ana doa la utomvu wa mgomba ambalo kila mtu anajua halitoki milele mpaka shati liishe, na kaandikiwa karatasi tatu. Mwingine anakaa mlimani huko, mtoto anakuja kwa mguu kwenye tope jekundu, akifika kashachafuka soksi na wala sio kosa la mtu. Wote waliona aibu. Wote walidhani ni wao tu. Mmoja aliniambia kitu ambacho na mimi nilikuwa nakifanya bila kujijua, kwamba siku hizi akimpeleka mtoto anamuacha mbali kidogo na geti aingie mwenyewe, ili yeye asionekane.

Hapo ndipo nikajiuliza, hivi nani alichagua shati jeupe? Kigoma hii yenye udongo mwekundu, maembe, mawese na migomba kila uwanja, unamvalisha mtoto wa miaka mitatu shati jeupe na soksi nyeupe alafu unasimama getini na kumkagua. Bluu nzito ipo, kijani cha jani la mgomba ipo, fundi yeyote wa Mwanga anashona. Tukiitwa kikao cha wazazi hili nitalisema na naomba wazazi wenzangu wasiniache nisimame peke yangu.

Shemeji yangu mmoja anayefanya kazi za ustawi wa jamii aliniambia hivi vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa kwao na ningeweza kwenda kwa afisa ustawi kulalamika, akanisomea mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumdhalilisha mtoto, na kwamba ile programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021 inataka malezi yenye mwitikio, maana yake mtu mzima amsome mtoto anahisi nini na amjibu. Nilimsikiliza. Lakini mimi sitaki kumfikisha mtu popote, mwanangu bado anasoma pale na wale walimu nitakutana nao sokoni na msibani. Ninachotaka ni kidogo sana. Ukiona doa kwenye shati la mtoto wangu niite mimi, pembeni, uniulize, mama hili doa ni la nini, nitakujibu. Mtoto mdogo hafui nguo zake, hanunui sabuni, hana kosa lolote pale, usimtoe kwenye mstari. Karatasi kama ni lazima ikunjwe. Na neno usiwapake wenzako lisitumike tena kwa mtoto yeyote labda awe na ugonjwa wa ngozi kweli na hata hapo kuna namna ya kusema.

Jua limetoka wiki hii siku mbili mfululizo, nilianika shati na doa limetoka kabisa huwezi hata kujua lilikuwa wapi. Nilimwonyesha. Nikamwambia unaona, limeisha. Akaligeuza geuza akaangalia na upande wa ndani, akasema ndio. Jumapili tukaenda Simbo kwa bibi yake, bibi kapika migebuka ya mawese na ugali wa muhogo, kile ndicho chakula chake tangu ameanza kula. Akavua shati akalikunja akaliweka juu ya kiti mbali, akakaa karibu na mlango na kipande cha ugali mkavu, na mdogo wake ambaye ndio anajifunza kutambaa alivyomfata pale mlangoni akanyanyua mikono yote miwili juu ili asimguse. Bibi yake akaniuliza mwanangu huyu kafanywa nini huko. Nikamwambia ntakueleza mama.

Mama wa watoto wawili,
Mwanga, Kigoma